Njia ya Katikati, Mengo

Jumamosi, Novemba 1976

Mvua ilinyesha alfajiri, na kulipopambazuka senene, wale panzi wa kuliwa, walikuwa wametanda kwenye nyasi za kilimani, watoto wakiwachuma kama watu wanaochuma kunde. Baadaye likatoka jua la kunata mgongoni. Sasa ni jioni na miguu inaniuma. Nimeiloweka kwenye beseni la maji ya moto na chumvi kidogo. Chumvi siku hizi si kitu cha kumwaga kwenye beseni, najua, lakini leo nimejihurumia.

Leo nimewatembeza wanafunzi wangu katika mji wangu.

Nasema mji wangu bila haya. Nimezaliwa kwenye mteremko wa kilima hiki cha Kampala ya Zamani, nikaolewa hapa, nikafiwa na mume hapa. Baba yangu alikuja kutoka Tabora na msafara akiwa kijana, akaona hakuna haja ya kurudi, akabaki akishona kanzu. Mama yangu alikuwa Mganda wa Mengo, binti wa fundi aliyesuka nyua za matete za ikulu. Baba alinipa lugha hii ninayoandikia. Mama alinipa miguu, na hilo nitalieleza, kwa sababu ndilo lililonikalisha hapa kuandika.

Kwanza niwaeleze wanafunzi wenyewe. Ni wake wa mapolisi. Tangu nistaafu ualimu nimekuwa nikienda kila Jumamosi kambini kwao, upande wa Nakawa, kuwafundisha kusoma na kuandika katika ghala moja linalonuka mafuta ya taa. Wengi wametoka kaskazini: Walugbara, Waalur, Wateso. Wapo wanaofunga Ramadhani na wapo wanaoimba kwaya, na wanapokezana watoto mgongoni bila kuulizana dini. Lugha inayowaunganisha ni Kiswahili cha kambini, kinachokwenda kwa miguu yake chenyewe. Zamani ningelikisahihisha kila neno. Siku hizi nangoja mtu amalize kwanza anachotaka kusema.

Darasa hili si mchezo kwao. Mama Draru, ambaye ni mwepesi wa kucheka na mzito wa herufi, aliwahi kumnywesha mwanawe dawa ya kupaka, kwa sababu chupa mbili zilifanana na hakuweza kusoma karatasi iliyobandikwa. Mtoto alipona. Wiki iliyofuata mama yake alikuwa wa kwanza mlangoni.

Ni yeye aliyeanzisha habari ya matembezi. Alisema amekaa Kampala tangu aolewe, lakini anachokijua ni kambi, soko la Nakawa na hospitali. Akauliza mji wenyewe uko wapi. Wenzake walicheka, kisha wote wakanigeukia mimi.

Nikaenda kuomba ruhusa kwa afisa wa kambi. Alikuwa na adabu, alinipa kiti. Akasema lori litatushusha Nakivubo na kutuchukua hapo hapo, na tunaweza kupanda Kampala ya Zamani na kufika hadi Mengo. Lakini koplo mmoja atafuatana nasi. Kisha akasema, akiwa anaangalia kalamu yake na si mimi: "Mwalimu, majengo tu. Habari za wafalme tumezimaliza. Nikisikia nyingine, darasa litafungwa, na wewe utakuja kujieleza mahali ambapo mimi siwezi kukusaidia."

Sikumchukia. Nilisikia ndani ya sauti yake kwamba na yeye anaogopa.

Sisi wa hapa tunajua maana ya kwenda kujieleza. Jirani yangu, fundi saa, aliitwa kujieleza mwaka jana. Saa za watu bado zinaning'inia dirishani mwake, kila moja na wakati wake.

Nakiri kwamba jana usiku nilitaka kuiruka Mengo, maana ndiko iliko ikulu ya wafalme. Ningesema miguu imechoka, tukarudi Nakivubo, na nani angenilaumu? Ila ningeliwaonyesha mji ukiwa hauna kichwa. Nikalala nikiwa sijaamua.

Asubuhi walishuka kwenye lori wamevaa kama wanakwenda harusini. Mama Opio, mkubwa wao, Mteso mwenye sauti ya kuamrisha, alikuwa na viatu vya kisigino ambavyo kabla ya nusu ya kilima alikuwa amevibeba mkononi. Koplo anaitwa Yuma. Ni mtu wa makamo, mwembamba, bunduki begani, uso uliofungwa kama duka la Jumapili. Nilimwamkia, akaitikia, "Ndiyo, Mwalimu," akaenda kusimama nyuma yetu. Akabaki huko nyuma.

Tulipofika juu niliwageuza watazame. Kutoka pale vilima vya mji vinaonekana kama vichwa vya watu waliokaa kikao: Namirembe na kanisa lake, Rubaga na lake, Kibuli na msikiti wake ng'ambo. Nikawaeleza jina. Kilima hiki kilikuwa malisho ya swala, na Waganda walikiita kilima cha swala, kwa lugha yao Kampala. Wazungu walipokuja na bendera yao walipewa wapige kambi hapa, wakajenga boma la udongo, na mtu aliyekwenda kuwaona alisema anakwenda Kampala. Jina la kilima kimoja likameza vilima vyote. Sikusema ni nani aliyekuwa na swala, wala ni nani aliyewapa Wazungu mahali.

Mama Opio alitazama huku na huku. "Na hizo swala sasa iko wapi?"

Nyuma yetu sauti ikajibu, taratibu: "Zilikuliwa."

Ilichukua muda kutambua kwamba koplo ametania. Kisha wote wakaangua kicheko, hata mimi, na mtoto wa Mama Draru akaamka mgongoni akalia. Uso wa koplo haukubadilika hata kidogo.

Tukashuka kwa barabara ya nyumba za Wahindi. Hapo napenda kwenda polepole, maana nyumba zile ni za kusomwa. Chini duka, juu makazi. Ukumbi mbele ili mnunuzi asinyeshewe, mbao za dirisha zimetobolewa maua ili upepo uingie na macho ya watu yasiingie. Na juu kabisa, kwenye paji la uso wa nyumba, mjenzi ameandika kwa saruji mwaka aliojenga na jina alilotaka nyumba iitwe.

Niliwasimamisha mbele ya moja. Nikamwambia Mama Draru asome.

Alifungua mbeleko kwanza, akamkabidhi mtoto kwa mwenzake, kana kwamba kusoma kunahitaji mgongo mtupu. Aliukamata mwaka kwa urahisi, tarakimu anaziweza. Kisha herufi. Alikwenda moja moja, midomo ikitangulia sauti, wenzake wamenyamaza kama watu wanaomwangalia mtu akivuka daraja la gogo. "Sha," akasema. Akarudi. "Sha-n-ti. Shanti." Akageuka, jasho juu ya mdomo. "Mwalimu, mimi nimesoma nyumba."

Nimefundisha watu ambao leo ni madaktari. Sijui kama nimewahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia yule mama pale barabarani.

Akauliza maana yake. Nilipaswa kusema sijui. Lakini najua, kwa kuwa mwenye nyumba ile alikuwa rafiki yangu. Kila mwaka sikukuu yao ya taa ilipofika aliniletea sinia la vitamutamu, na mimi nilimpelekea sambusa siku ya Idi, akazila akilalamika kwamba sijui kuweka pilipili. Siku Wahindi walipoamriwa kuondoka nchini alinipa vyungu vyake vya mrihani. Bado ninavyo.

"Ni amani," nikasema.

Ukumbini alikuwa amekaa mwenye nyumba wa sasa, mmoja wa wale tunaowaita mafuta mingi, waliogawiwa maduka ya watu kwa siku moja. Tumbo lake lilikuwa mbele na redio ilikuwa ikipiga kelele, rafu nyuma yake zina sabuni chache na vumbi. Alitutazama kama wateja waliokosea.

"Sasa mwenyewe alienda wapi na amani yake?" Mama Opio akauliza, kwa ile sauti yake isiyojua kunong'ona.

Koplo akakohoa. Nikasema tunaangalia nyumba, tazameni ule ukingo wa mbao. Wakatazama ukingo wa mbao. Lakini niliona jinsi walivyoutazama.

Huko njiani ndipo nilipoamua kwamba tutafika Mengo.

Hapa niandike yale ambayo sikuruhusiwa kuyasema kwa mdomo. Pale Mengo kuna barabara iliyonyooka kama uzi, kutoka lango la ikulu ya Kabaka, mfalme wa Waganda, hadi jumba lilikokuwa baraza la Waganda, kilima hiki hadi kilima kile. Katikati yake kuna mduara. Magari na watu huuzunguka, kama miduara yote. Lakini huu umekatwa katikati na njia nyembamba yenye lango dogo la chuma, na njia ile ilikuwa ya mtu mmoja. Kabaka hakupinda. Alikwenda moja kwa moja, na sisi wengine wote, mwenye gari na mwenye mzigo wa matoke kichwani, tulizunguka.

Sasa ikulu ni kambi ya jeshi, na jumba la baraza nalo ni la jeshi. Kufuli la lango dogo lilivunjwa zamani. Jipu za askari zikitaka hupita hapo kati, na hakuna wa kuziuliza. Mwenye njia alifia ugenini, akarudishwa akiwa ndani ya jeneza. Waganda hawasemi amekufa. Husema moto umezimika, kwa sababu mlangoni mwa ikulu kulikuwa na moto uliowaka usiku na mchana muda wote wa uhai wake.

Na bado watu wanazunguka. Hakuna kibao wala polisi wa kuwaelekeza. Mwenye baiskeli huzunguka, na mtoto wa shule anayechelewa huzunguka akikimbia.

Tulifika pale jua likiwa utosini. Chini ya mti upande wa pili walikuwa wamekaa askari wawili wa zamu, kofia magotini. Pembeni bibi mmoja alikuwa akiuza karanga za kukaanga kwenye ungo. Niliwaambia wanafunzi wangu kuhusu mawe ya barabara, kuhusu miti, kuhusu jumba la mbele na mnara wake. Majengo tu. Kisha nikaanza kuzunguka mduara kwa mkono wa kushoto kama nilivyofundishwa tangu sijajua kufunga kamba za viatu. Wanawake wakanifuata, wakipiga soga.

Tulikuwa tumefika nusu niliposikia viatu vya koplo havipo nyuma yetu.

Nikageuka. Alikuwa amesimama kwenye lango dogo, mkono juu ya chuma. Na kwa nini asisimame? Alikuwa na bunduki, jua lilikuwa kali, na njia ya mkato ilikuwa mbele yake. Lakini bibi wa karanga alikuwa amesimama, ungo mkononi. Mtu wa baiskeli alikuwa ameshuka. Mama mmoja mwenye kuni alikuwa ametua kuni zake. Hakuna aliyesema neno. Walikuwa wanatazama tu.

Koplo aliuona ule ukimya. Mtu wa kazi yake huuona haraka.

"Mwalimu," akaniita, "mbona munazunguka? Hapa kati iko karibu."

Wanafunzi wangu wakanitazama. Wale askari chini ya mti nao wakageuza shingo. Nilifikiria jibu la mawe na miti, jibu la majengo. Ningesema ni mazoea tu, au sheria ya barabarani. Nikamfikiria Mama Draru na chupa zake mbili. Ningefunga darasa kwa sentensi moja. Na ningewadanganya kwa sentensi moja pia, mbele ya bibi wa karanga, na mama yangu kaburini.

Nikasema, "Afande, njia hiyo ina mwenyewe."

"Mwenyewe iko wapi?"

"Hayupo."

Nikaacha hapo. Sikuwa na kingine nilichoweza kuongeza ambacho kisingekuwa uongo au kifo.

Koplo aliitazama ile njia, nyasi zimeota katikati yake. Kisha akasema, si kwa sauti ya kazi, kwa sauti ya mtu anayezungumza nyumbani: "Kwetu kiti ya baba hapana kalia. Hata kama baba alikufa zamani. Iko pale tu, kuku ndiyo inapanda."

Akaondoa mkono kwenye chuma. Akarudi nyuma hadi barabarani, akaanza kuzunguka, taratibu, bunduki begani.

Hapo mmoja wa wale askari akapiga mluzi. "Ee, polisi! Unaogopa lango?"

Jeshi na polisi hawapendani, kila mtu anajua. Askari wa jeshi akimcheka koplo wa polisi, koplo hana la kufanya, na akitaka kujikomboa njia ni rahisi: apite kati akicheka nao. Nilimwona akisimama. Nikajua kwamba sasa si mimi peke yangu ninayeweza kuitwa kujieleza.

"Hapana ogopa," akawajibu bila kugeuka. "Leo mimi ni mwanafunzi. Nafuata mwalimu."

Wale askari wakacheka, mmoja akamwambia basi asome sana awe meja. Mama Opio, Mungu ambariki, akawajibu kwa sauti kwamba huyu ndiye mwanafunzi mbaya kuliko wote, hajui hata alifu, na kicheko kikageuka kikawa cha kila mtu. Koplo akaendelea kuzunguka. Mama wa kuni akajitwika kuni zake. Bibi wa karanga akachota karanga kwenye ungo, akaja akazimimina ndani ya kiganja cha koplo, akapiga goti kama anavyopiga goti kwa mgeni wa heshima, akarudi mahali pake. Hakudai kitu.

Hatukulikaribia lango la ikulu. Tulitazama kwa mbali, tukarudi. Na wakati wa kurudi sikulazimika kutangulia. Mama Draru alikuwa mbele, mtoto mgongoni, akauzunguka mduara bila kugeuza kichwa, na wenzake nyuma yake. Nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba mji ni kama boma la baba mkwe, unaujua kwa kujua mahali ambapo hupiti. Hilo sikumfundisha mimi. Laiti ningelikuwa nimelisema mwenyewe.

Pale Nakivubo, wakati wanawake wakipanda lorini kwa kelele za viatu na watoto, Koplo Yuma alinisogelea. Alikuwa bado anatafuna karanga.

"Nikiulizwa," akasema, "tuliona majengo tu."

"Majengo tu," nikasema.

Akaniamkia shikamoo. Hakufanya hivyo asubuhi.

Nimekaa hapa tangu magharibi nikiutazama moshi wa vilima ukijikusanya, na sijaacha kutabasamu kama mtoto. Si kwamba woga umeisha. Gari likipunguza mwendo barabarani kalamu yangu inasimama yenyewe. Pengine koplo atasema majengo tu, pengine mmoja wa wale askari atasema jambo lingine mahali pengine, na Jumamosi ijayo nitakuta ghala limefungwa kwa mnyororo. Hilo sina uwezo nalo. Lakini walichokwisha kusoma hakitafungwa kwa mnyororo.

Nilipokuwa mdogo, siku moja tulipita Mengo mimi na mama, jua kali kama la leo, barabara tupu kabisa. Nilichoka nikamuuliza kwa nini tusipite kati, na hakuna anayetuona. Mama hakukasirika. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani tunazunguka ili tuonwe?" akasema, akanishika mkono, tukazunguka.

Leo, mama, tumeonwa. Tumeonwa na jeshi zima la watu wawili chini ya mti, na tumezunguka. Na nyuma yangu alizunguka mtu wa mbali, mwenye bunduki, ambaye hukumzaa wala hukumfundisha.

Maji ya beseni yamepoa. Kukicha nitamwagilia mrihani wa rafiki yangu, kisha nitajifunga nguo zangu za Idi na kwenda Mengo, polepole, kununua karanga. Nitazunguka.